Marimba ya Kabaka Yaingia Chuo Kikuu

Leo tutazungumza habari za muziki, lakini swali letu ni la historia. Muziki wa watu fulani huingiaje katika chuo kikuu ukawa somo, na mtu atokaye mbali hujifunzaje maana yake? Nimechagua mfano mmoja tu, marimba ya Waganda katika nchi ya Uganda. Nimeuchagua kwa sababu katika habari hii ulitokea moto, na moto ule ulionyesha ni kitu gani kilikuwa kimefundishwa na ni kitu gani kilikuwa hakijafundishwa.

Kwanza tuitazame marimba yenyewe. Waganda huiita amadinda. Ni mbao 12 zilizochongwa, tangu kubwa hata ndogo, zikalazwa juu ya vigogo viwili vya mgomba. Mgomba ni laini, kwa hiyo ubao hupata nafasi ya kulia vizuri. Wapigaji ni watatu. Wawili hukaa wakitazamana, mmoja upande huu wa mbao na mwingine upande ule. Wa kwanza huitwa omunazi, yeye ndiye aanzaye. Wa pili huitwa omwawuzi, yaani mgawanyaji, kwa kuwa hupiga katikati ya mapigo ya mwenzake. Wa tatu ni omukoonezi, naye ana mbao mbili tu, zile ndogo kabisa za mwisho.

Mmewaona akina mama wawili wakitwanga katika kinu kimoja? Mmoja ainuapo mchi, mwingine ashusha wake. Basi jaribu hivyo na mwenzako. Wewe piga meza kwa kiganja, taratibu na sawasawa. Mwenzako apige kopo kwa kijiti, pigo lake lianguke katikati kabisa ya mapigo yako mawili. Kila mmoja wenu anakwenda polepole, lakini jirani aliye nje ya dirisha husikia mwendo wa mbio, mara mbili ya mwendo wako. Hivyo ndivyo amadinda inavyopata kasi ambayo mtu mmoja haiwezi.

Tena kuna ajabu nyingine. Sauti za wapigaji wawili zikichanganyika, sikio hukusanya zile nene pamoja na zile nyembamba pamoja, nawe wasikia wimbo ambao hakuna hata mmoja wao anayeupiga! Kazi ya omukoonezi ni kuzisikiliza zile sauti mbili nene kuliko zote na kuzirudia juu, katika mbao zake mbili. Na kwa Mganda nyimbo hizi zina maneno. Katika Luganda sauti hupanda na kushuka, na kupanda huko kuna maana. Kwa hiyo mzee aliyezoea husikia maneno ndani ya mbao. Wimbo mmoja mashuhuri huitwa Olutalo olw'e Nsinsi, maana yake vita vya Nsinsi. Mgeni asikia mlio mzuri tu, mwenyeji asikia habari ya vita.

Sasa twende Ulaya kidogo. Mwaka 1900 huko Berlin, Ujerumani, wataalamu walianza kukusanya muziki wa mataifa yote. Sauti zilinaswa katika silinda za nta, zenye umbo la kikombe. Mtaalamu wao mkubwa, Erich von Hornbostel, alikaa Berlin akisikiliza silinda zilizoletwa na wasafiri, na mwaka 1928 alichapisha maandiko yake juu ya muziki wa Afrika. Alikuwa na sikio kali, wala hatumdharau. Lakini silinda haisemi nani amepiga pigo gani. Mapigo ya amadinda yakisha kuchanganyika ndani ya nta, utayatenganishaje?

Jibu lilipatikana Kampala. Mjerumani mmoja, Klaus Wachsmann, aliondoka kwao kwa sababu ya utawala wa Hitler, akafika Uganda mwaka 1937. Tangu 1948 hata 1957 alikuwa msimamizi wa nyumba ya makumbusho ya Uganda. Alizunguka nchi akinasa nyimbo. Lakini kwa maoni yangu, jambo kubwa kuliko yote ni kwamba ala za muziki hazikufungiwa kabatini. Katika makumbusho ile walikuwapo wapigaji wa kuzipiga mbele ya watu. Mmoja wao alikuwa Evaristo Muyinda, aliyekuwa katika wapiga muziki wa Kabaka. Naye alimfundisha kila aliyetaka kujifunza.

Mwaka 1959 alifika kijana kutoka Vienna, mji wa Austria, jina lake Gerhard Kubik. Alijifunza kwa Muyinda kwa kushika vijiti mwenyewe. Alipojua kupiga sehemu ya omunazi na sehemu ya omwawuzi, aliweza kuandika kila sehemu peke yake, kwa tarakimu 1 hadi 5, maana sauti za marimba hii ni tano kisha hurudia. Mwaka 1960 alichapisha maelezo ya marimba hiyo, na mwaka 1962 akaeleza habari za zile nyimbo zisikikazo bila kupigwa na mtu. Yale ambayo silinda za Berlin hazikuweza kuyasema, Muyinda aliyajua mikononi mwake siku zote.

Tusidhani kwamba wageni peke yao ndio walioandika. Mganda Joseph Kyagambiddwa alikuwa amekwisha kutoa kitabu chake juu ya muziki wa Waganda, kikapigwa chapa New York mwaka 1955.

Wakati huohuo, katika Chuo Kikuu cha California huko Los Angeles, mwalimu Mantle Hood alishikilia neno moja: mwanafunzi wa muziki wa taifa jingine ni lazima ajifunze kuupiga, si kuusikiliza tu. Wachsmann alikwenda kufundisha huko mwaka 1963. Mwaka 1968 mwanafunzi wa chuo hicho, Lois Anderson, alipata shahada ya udaktari kwa kazi yake juu ya marimba ya Waganda.

Lakini kabla ya hapo ule moto ulikuwa umekwisha kuwaka. Tarehe 24 Mei 1966, majeshi ya serikali ya Milton Obote, yakiongozwa na Idi Amin, yaliishambulia Lubiri, yaani makao ya Kabaka huko Mengo. Kabaka Mutesa II alikimbilia Uingereza, akafa huko mwaka 1969. Ala za ikulu ziliharibiwa, na wapigaji waliosalimika wakatawanyika. Mwaka 1967 falme zote za Uganda zilifutwa.

Ndani ya Lubiri kulikuwa na ngoma ziitwazo entenga: ngoma 12 zilizopangwa sauti kama marimba, pamoja na ngoma nyingine 3, zote zikipigwa na watu sita. Hizo zilikuwa za Kabaka peke yake. Nyimbo zake zilipigwa pia katika amadinda, kwa hiyo nyimbo hazikupotea. Kilichokaribia kupotea ni mkono wa kuzipiga ngoma zenyewe. Amadinda ilikuwa imetoka nje ya ua, entenga haikutoka.

Ufalme wa Buganda ulirudishwa mwaka 1993, lakini entenga haikurudi siku ile. Katika miaka ya 2010 mwalimu wa Chuo Kikuu cha Kyambogo, James Isabirye, alishughulika kuifufua. Alikuwapo bado mzee aliyeipiga ikulu zamani, naye akawafundisha vijana, na ngoma zikasikika tena baada ya karibu miaka 50.

Juma lijalo mje darasani wawili wawili, na kila wawili walete kopo na kijiti.