Waimbaji wa Shamba na Redio za Mjini

Muziki ambao Wamarekani huuita kantri, na ambao huhesabiwa kuwa sauti halisi ya watu wa shamba, haukupatia heshima yake shambani. Ulizaliwa huko bila shaka, katika vibaraza vya nyumba za mbao, katika dansi za Jumamosi usiku na katika makanisa madogo ya milimani. Lakini walioutangaza ukajulikana nchi nzima ni wenye vituo vya redio vya mijini, aghalabu wafanya biashara, ambao walipomfungulia mlango mpiga fidla wa kijijini walikuwa wakitafuta wateja tu, wala hawakudhani kwamba wanahifadhi turathi ya mtu yeyote.

Tarehe 15 Machi 1922 gazeti la Atlanta Journal, katika jimbo la Georgia, lilifungua kituo chake kilichoitwa WSB, ambacho huhesabiwa kuwa cha kwanza katika majimbo ya kusini. Wenye gazeti walikuwa na mitambo na kipaza sauti, lakini hawakuwa na fungu la kuwalipa wanamuziki, na saa za matangazo zilikuwa hazina budi kujazwa; basi akaribishwaye alikuwa yeyote aliye tayari kuimba bila ujira. Miongoni mwa walioingia mwaka huo huo alikuwa John Carson, mtu mzima aliyepata kufanya kazi katika kiwanda cha nguo, na ambaye sifa zake zilikuwa zimekwisha kuvuma kwa ajili ya mashindano ya wapiga fidla yaliyokuwa yakifanyika Atlanta tangu 1913. Redio haikumpa pesa, lakini ilimpa jina; na jina hilo ndilo lililomfanya Polk Brockman, muuza samani aliyeuza pia gramafoni na santuri dukani mwake, amshawishi Ralph Peer wa kampuni ya Okeh aje Atlanta mwezi wa Juni 1923 kumrekodi mzee huyo. Peer hakuipenda kabisa sauti ya Carson, akakubali kutoa nakala 500 tu kwa ajili ya soko la mji ule. Zikamalizika upesi, zikaagizwa nyingine, na wenye makampuni wakatambua kwamba watu wa shamba, waliodhaniwa kuwa hawana haja wala uwezo wa kununua muziki, walikuwa wakingoja siku zote kuuziwa muziki wao wenyewe.

Huko Texas jambo hili lilikuwa limekwisha kuonekana miezi michache kabla. Usiku wa tarehe 4 Januari 1923 kituo cha WBAP cha Fort Worth kilirusha nyimbo za dansi ya shamba zikiongozwa na M. J. Bonner, mpiga fidla mzee aliyepigana upande wa Kusini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya karne ya kumi na tisa, naye akisindikizwa, jambo ambalo leo litamshangaza msomaji, na bendi iliyozoea kupiga nyimbo za Hawaii. Wala si ajabu kubwa, kwa kuwa hapakuwa bado na mtu aliyeamua muziki wa shamba uwe na sura gani. Lililokuwapo ni mpiga fidla, wapigaji waliopatikana jioni ile, na wasikilizaji walioleta barua na simu za maandishi wakitaka waongezwe.

Mwaka 1924 likaingia duka la Sears, Roebuck la Chicago, lililokuwa likiwauzia wakulima kila kitu kwa njia ya posta, tangu majembe na nguo hata magitaa na redio zenyewe. Kituo chake, WLS, kilipata jina lake kwa herufi za kujisifu kuwa ndilo duka kubwa kuliko yote duniani, na tarehe 19 Aprili 1924 kilianza kipindi cha Jumamosi usiku kilichokuja kujulikana kwa jina la National Barn Dance. Hapo ndipo aliposikika Bradley Kincaid, kijana wa Kentucky aliyeimba kwa upole nyimbo za kale za watu wa kwao, na alipochapisha kitabu cha nyimbo hizo mwaka 1928 zikauzwa nakala zaidi ya laki moja. Msomaji na azingatie hesabu hiyo: redio haikumtajirisha mwimbaji kwa mshahara, bali kwa kumfikisha katika maelfu ya nyumba ambazo miguu yake isingezifikia maisha yake yote.

Lakini mji ulioandikwa zaidi katika tarehe ya muziki huu ni Nashville, Tennessee, na huko mwenye kituo alikuwa kampuni ya bima. National Life and Accident iliuza bima ndogo ndogo kwa watu wa kipato cha chini, na mawakala wake walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba kila wiki kukusanya senti za malipo. Tarehe 5 Oktoba 1925 ikafungua WSM, na haikupita muda ikamwajiri George D. Hay, mtangazaji aliyetoka WLS ya Chicago. Jioni ya tarehe 28 Novemba Hay alimweka mbele ya kipaza sauti mzee Jimmy Thompson, mwenye umri wa miaka 77, mpwa wake Eva akimfuatisha kwa piano, na mzee akapiga fidla kwa muda wa saa nzima, huku maombi ya wasikilizaji yakimiminika. Tokea hapo Jumamosi ikawa ni ya watu wa shamba, na wakala wa bima aliyebisha hodi Jumatatu hakuwa tena mgeni wa kutiliwa shaka, maana alikuja kwa jina la kipindi kilichokuwa kimekwisha kuingia nyumbani kabla yake.

Hay alikuwa hodari wa kutambua mjini wanataka kuona nini. Daktari Humphrey Bate, mmoja wa wa kwanza kupiga katika kituo hicho, alikuwa tabibu aliyehitimu katika chuo cha Vanderbilt, na picha za mwanzo zinaonyesha wenziwe wamevaa suti na tai, kama ilivyokuwa desturi ya mtu yeyote mwenye staha aendapo mbele za watu. Lakini bendi yake ikapewa jina la Possum Hunters, kana kwamba ni wawinda wanyama wa vichakani, na baada ya miaka michache wapigaji wakaonekana pichani wakiwa na kofia za majani na nguo za kazi. Hivyo ndivyo ulivyotengenezwa ushamba wa redio: wanamuziki walikuwa wa shamba kweli, lakini mavazi yao yalichaguliwa ofisini.

Mshahara ulikuwa mdogo, na mwanzoni wengi hawakupata hata senti. Riziki yao ilitoka nje ya studio. Bendi iliingia kituoni alfajiri, wakati mkulima anapoamka kukamua ng'ombe, au saa sita mchana anaporudi kula. Ikapiga robo saa, ikaisifu bidhaa ya mdhamini, kisha ikatangaza ni shule gani ya kijiji watakayoipigia jioni ile. Baada ya hapo ilikuwa ni kupakia vyombo garini, kwenda maili nyingi katika barabara mbovu, kukusanya viingilio mlangoni, na kurudi usiku kwa usiku ili alfajiri wasikikose kipaza sauti. Wilaya ilipokwisha kuwaona mara nyingi hata watu hawatoki tena, walihamia kituo cha mji mwingine, wakaanza upya. Ndugu wawili Bill na Charlie Monroe waliishi hivyo katika miaka ya 1930, wakidhaminiwa katika majimbo ya Carolina na wauza Crazy Water Crystals, chumvi ya kuharisha iliyotengenezwa kwa maji ya chemchemi za Texas.

Katikati ya miaka hiyo mashamba tisa katika kila kumi hayakuwa na umeme, na redio ya betri ilitumiwa kwa uangalifu mkubwa, ikafunguliwa Jumamosi majirani wakikusanyika kwa aliye nayo. WSM ilipofikia nguvu ya wati 50,000 mwaka 1932, Nashville ikawa inasikika mbali sana kupita mipaka ya Tennessee. Na waliotaka nguvu zaidi walivuka mpaka kwenda Mexico, kama alivyofanya John Brinkley, aliyepata fedha nyingi kwa kudai kwamba akipandikiza tezi za mbuzi katika miili ya wanaume huwarudishia nguvu zao. Kansas ilipomnyang'anya leseni ya utabibu naye akapoteza na kituo chake, alijenga kingine ng'ambo ya mto Rio Grande. Ni kituo cha huyo tapeli ambacho mwaka 1938 kilianza kuwarusha hewani A. P., Sara na Maybelle Carter wa Virginia, na hivyo nyimbo za ibada na za msiba zikaenea Marekani nzima zikiwa zimefungamana na matangazo ya dawa zisizoponya.

Sauti hizo zilifika hata kwetu, ijapokuwa kwa njia ya gramafoni. Jimmie Rodgers, aliyekuwa mfanyakazi wa reli, aliyeimba katika redio ya Asheville mwaka 1927 na kufa kwa kifua kikuu mwaka 1933, alikuwa amekwisha kuingia katika nyimbo za Wakipsigis wa Kenya, kwa jina la Chemirocha, Hugh Tracey alipozirekodi mwaka 1950. Wasichana walimwimba kama kiumbe aliye nusu mtu na nusu mnyama.

Sasa kuna mmoja ambaye habari yake inapima haki ya biashara hii yote. DeFord Bailey, mjukuu wa mtumwa, mtu mfupi aliyeugua polio utotoni, alikuwa akiigiza mlio wa gari la moshi kwa kinanda cha mdomo hata msikilizaji akadhani linapita uani kwake. Mwezi wa Desemba 1927, mara baada ya kipindi cha muziki wa kizungu wa kiungwana kumalizika, ni yeye aliyepiga katika WSM, na ni hapo Hay alipokibatiza kipindi chake jina la Grand Ole Opry. Mwaka 1928 alitokea mara nyingi kuliko mwanamuziki mwingine yeyote. Lakini safarini hoteli na mikahawa iliyowapokea wenziwe ilimkataa kwa rangi yake. Na mwaka 1941, katika ugomvi wa vituo vya redio na chama cha watunzi uliowazuia wengi kupiga nyimbo zao zilizozoeleka, alifukuzwa, na Hay akaandika baadaye kwamba alikuwa mvivu. Akarudia kazi ya kung'arisha viatu Nashville, akafariki mwaka 1982, na jina lake likaingizwa katika jumba la heshima la muziki wa kantri mwaka 2005, miaka 23 akiwa kaburini.

Wauza bima, unga na dawa walistahiki shukrani kwa kuufikisha muziki huu mbali, wala hakuna haja ya kuwanyima. Lakini faida waliitia mfukoni papo hapo, na deni kwa wenye muziki likaachiwa vizazi vya baadaye. Na yeyote aandikaye tarehe ya redio za shamba bila kumweka Bailey katika safu ya kwanza ameandika matangazo ya biashara, hajaandika tarehe.