Hadithi Isiyoitikiwa: Sinema ya Kutisha, Hadhira na Suala la Ushahidi

Katika maandishi ya wageni juu ya sinema barani Afrika kuna kisa kimoja cha kuku ambacho kimerudiwa mara nyingi kuliko kinavyostahili. Mkaguzi mmoja wa afya alitengeneza filamu ya mwendo wa polepole kuwafundisha wanakijiji namna ya kuondoa maji yaliyotuama. Walipoulizwa baadaye wameona nini, walijibu kwamba wameona kuku. Wenye filamu hawakuwa na habari ya kuku yeyote. Iliwabidi waikague picha baada ya picha ndipo wakamwona, akipita pembeni kwa muda wa kama sekunde moja. John Wilson ndiye aliyekieleza kisa hiki, naye Marshall McLuhan akakieneza katika The Gutenberg Galaxy (1962), akikitoa kuwa ushahidi kwamba mtu asiyejua kusoma hawezi kuitazama picha kwa ukamilifu wake. Mimi nasoma jambo jingine hapo: kuku alikuwamo, na hao wataalamu ndio ambao hawakumwona.

Dhana hiyo ya hadhira isiyojua kutazama ina historia ndefu katika Afrika Mashariki. Kati ya 1935 na 1937, kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani, L. A. Notcutt na G. C. Latham waliendesha jaribio la sinema ya elimu kutoka Vugiri katika milima ya Usambara. Walitengeneza filamu 35 na kuzizungusha kwa lori katika Tanganyika, Kenya, Uganda, Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland. Hao walau waliwatumia wenyeji kuwa waigizaji na kujali lugha za watazamaji. Mwaka 1939 ikaja idara ya filamu ya makoloni chini ya William Sellers, ambaye kanuni zake zilijulikana sana: picha ziende polepole, pasiwe na hila za kamera, kitu kisitokee wala kutoweka ghafla, maana Mwafrika angechanganyikiwa. Kwa maneno mengine, Mwafrika alidhaniwa kuwa hawezi kutofautisha kinachoonyeshwa na kilichopo.

Sasa tuvuke bahari. Januari 1999, katika tamasha la Sundance, Daniel Myrick na Eduardo Sánchez walionyesha filamu yao The Blair Witch Project. Inadai kwamba wanafunzi watatu waliingia katika misitu ya Maryland mwaka 1994 kutafuta habari za mchawi, wakapotea, na kwamba tunachokitazama ni kanda zao zilizookotwa mwaka mmoja baadaye. Kazi yote ya kupiga picha ilichukua siku nane mnamo Oktoba 1997. Waigizaji walishika kamera wenyewe na kutumia majina yao halisi. Gharama ya awali ilikuwa makumi machache tu ya maelfu ya dola, na mapato duniani yakakaribia dola milioni 250. Ilitangulizwa na matangazo ya kutafuta waliopotea, na filamu nyingine ya televisheni iliyojifanya uchunguzi wa kweli. Matokeo yake yafaa kukumbukwa na kila mwanafunzi wa Sellers. Mama wa mwigizaji Heather Donahue alipokea kadi za rambirambi ilhali bintiye yu hai. Mji mdogo wa Burkittsville ulivamiwa na watafutaji wa mchawi, hata vibao vya jina la mji vikaibwa. Wote hao walikuwa watu waliosoma, waliolelewa na sinema tangu utotoni.

Lakini tusiwafanyie Wamarekani dhuluma ile ile waliyofanyiwa babu zetu. Watazamaji wengi hawakuamini hata kidogo. Wengine walitoka wakilalamika kwamba hawakumwona mchawi. Wengine walipata kichefuchefu kwa kuyumba kwa kamera. Hata ule mtafaruku maarufu wa 1938, Orson Welles alipotangaza redioni uvamizi wa viumbe wa Mirihi, wachunguzi wa baadaye wameona kwamba ulitiwa chumvi nyingi na magazeti. Hadhira haiwi kitu kimoja. Swali lenye manufaa kwetu ni hili: ni alama gani za lugha na za utaratibu zinazomwambia msikilizaji kwamba aliyonayo ni ngano na siyo habari?

Hapa ndipo ninapotaka kuiingiza Lafey. Mji huu mdogo wa Mandera, karibu na mpaka wa Somalia, hautajwi aghalabu katika majarida yetu, kana kwamba fasihi simulizi ya Kenya inakoma kwenye mto Tana. Wenyeji wake wengi ni Wasomali, na Msomali anapotaka kusimulia huanza kwa kuita: sheeko sheeko. Hadhira hujibu: sheeko xariir, yaani hadithi ya hariri, neno hilo la mwisho ni lile lile letu, sote tumelitoa katika Kiarabu. Mswahili husema paukwa, akaitikiwa pakawa. Mwitiko huo si pambo. Ni mkataba. Fanani anaomba ruhusa ya kusema yasiyokuwa, na hadhira, kwa kinywa chake yenyewe, inampa.

Baada ya mkataba huo kutiwa sahihi, hofu inaweza kuwa kubwa kadiri ipendavyo. Dhegdheer, mwanamke mla watu ambaye jina lake lina maana ya sikio refu, husikia mawindo yake kutoka mbali. Qori-ismaris hujisugua kwa kijiti usiku ukiingia, akawa fisi. Kabla ya mapambazuko hujisugua tena, akawa mtu. Mtoto anayesikiliza hutetemeka, na huenda asithubutu kutoka nje gizani. Lakini yeye mwenyewe ameitikia, kwa hiyo hakuna aliyemdanganya.

Myrick na Sánchez waliuondoa mwitiko. Badala ya paukwa waliweka tarehe, majina ya watu na taarifa ya kanda zilizookotwa, yaani alama za habari na za mahakama. Ufundi wao wote umo humo, na ndiyo sababu mchawi hakuhitaji kuonekana. Mtu aliyezoea kuamini karatasi alinaswa kwa karatasi.

Ama watu wa Kaskazini Mashariki wameijua karatasi kwa njia nyingine. Eneo lao lilitengwa kwa sheria za wilaya zilizofungwa, ile ya 1902 na ile ya 1934. Hali ya hatari ikatangazwa huko Desemba 1963, na sheria zake hazikuondolewa kabisa hadi 1991. Kwa miaka hiyo yote mambo yaliyotokea huko yalifika Nairobi yakiwa taarifa za serikali, au hayakufika. Februari 1984 wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa katika uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na Wajir, wakawekwa juani siku kadhaa bila maji, na wengi wakauawa. Taarifa rasmi ilisema 57. Manusura waliotaja idadi kubwa zaidi walichukuliwa kama watu wanaosimulia ngano, ingawa hakuna aliyeita wala aliyeitikia. Annalena Tonelli, Mwitalia aliyekuwa akitibu kifua kikuu huko Wajir, aliwasaidia majeruhi na kufanya bidii picha na majina ya waliokufa yafike nje ya nchi. Baadaye alifukuzwa Kenya.

Jambo lililosumbua akili za Sellers na McLuhan lilikuwa mtazamaji anayeuchukua uongo kuwa kweli. Sikumbuki hata mmoja wao aliyejishughulisha na msikilizaji wa upande wa pili: ofisa anayeletewa kweli, naye akaiitikia kana kwamba ni hadithi ya hariri. Mwaka 2011 Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliketi Wajir kuwasikiliza manusura, miaka 27 baada ya tukio. Taarifa yake ilikabidhiwa Mei 2013, na ndani yake waliokufa Wagalla ni wengi kuliko 57.