Mafuriko: Neno Moja, Historia Mbili

Madhumuni ya makala haya mafupi ni kulichunguza neno mafuriko mintarafu ya historia ya mvua kubwa nchini Kenya. Dai letu ni kwamba neno hili, kwa jinsi litumikavyo, hufunika matukio mawili yasiyofanana, na kwamba kasoro hiyo si ya kamusi tu.

Tuanze na umbo lake. Furika ni mnyambuliko wa fura, yaani kuvimba. Picha iliyomo ni ya maji yapandayo hadi kupita ukingo, na picha hiyo yaafikiana barabara na mto Tana. Mvua ikinyesha Mlima Kenya na Nyandarua, maji huchukua siku kadhaa kufika deltani. Wapokomo tangu zamani walipanda mpunga katika ardhi iliyoloweshwa na mto huo. Furiko lilipokosekana, njaa ilifuata. Kadhalika, baada ya mvua nyingi mno za vuli ya mwaka 1961, Ziwa Victoria lilipanda kwa zaidi ya mita mbili kufikia 1964, na wakazi wa ufuoni waliyaona maji yakija. Bwawa la Masinga lilipokamilika mwaka 1981, furiko la kawaida la Tana lilipungua, ingawa makubwa, kama yale ya El Nino ya 1997, hayakukoma.

Historia ya pili ni ya ngurumo na radi. Hewa yenye joto na unyevu hupanda kwa kasi, hupoa, kisha huyamwaga maji yake kwa saa moja au mbili juu ya eneo dogo. Wafugaji wa kaskazini waijua vyema hatari hii. Katika laga, yaani mkondo mkavu wa mchanga, maji huweza kumkumba mtu chini ya mbingu safi, kwa kuwa mvua imenyesha kwingine. Hapo hakuna kuvimba, kuna kuvamiwa.

Mijini hali ni iyo hiyo. Jina Nairobi latokana na maneno ya Kimaasai yenye maana ya maji baridi. Reli ilipofika mwaka 1899, kambi ilijengwa penye kinamasi. Baadaye lami, saruji na mabati vikaifunika ardhi iliyokuwa ikinywa maji. Mnamo Aprili 2024 mitaa ya Mathare na Mukuru ilivamiwa na maji. Tarehe 29 ya mwezi huo, kabla ya mapambazuko, maji yaliyozuiliwa na vifusi katika njia ipitayo chini ya reli yalifumuka karibu na Mai Mahiu, na watu zaidi ya 40 wakafa.

Tangazo litajapo mafuriko tu humpa msikilizaji picha ya Tana: maji yampayo mtu nafasi ya kufungasha. Gharika nalo limeshikamana mno na kisa cha Nabii Nuhu. Mafuriko ya ghafla ni istilahi bora zaidi, lakini yataja wakati tu, wala haidokezi kwamba maji hutoka mbali. Hapana budi, basi, wanaisimu wakusanye kwa wafugaji na wakulima maneno ya aina ya laga.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Aliyesimama katika laga hana dalili hiyo. Huenda neno ndilo onyo lake la pekee.