2,147,483,647: usomaji na sifa zake

Usomaji. Bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, laki nne, elfu themanini na tatu, mia sita arobaini na saba.

Sifa. Ni namba nzima, witiri, yenye tarakimu 10. Hupatikana kwa kutoa 1 katika 2 iliyopewa kipeo cha 31, yaani 2³¹ − 1. Nayo ni namba tasa: haina vigawo ila 1 na yenyewe. Mwanahisabati Leonhard Euler, mzaliwa wa Uswisi, alithibitisha hilo mwaka 1772. Kipeuo chake cha pili hakifiki 46,341. Kwa hiyo, kama ingekuwa na kigawo kingine, kimojawapo kingepatikana chini ya hapo. Zaidi ya hayo, kigawo tasa chochote cha namba hii, kikigawanywa kwa 248, lazima kibakize 1 au 63. Namba za namna hiyo zilizo chini ya kipeuo hazizidi 400, wala hakuna hata moja inayoigawa bila baki.

Neno *tasa* kwa asili humtaja asiyezaa. Hata hivyo namba hii ikizidishwa kwa 2³⁰ huzaa namba kamilifu 2,305,843,008,139,952,128, iliyo sawa na jumla ya vigawo vyake vyote vilivyo vidogo kuliko yenyewe.

Katika kompyuta, hii ndiyo namba kubwa kuliko zote inayoweza kuandikwa kwa biti 32 ikiwa biti moja imetengwa kwa ajili ya alama ya chanya au hasi. Mifumo inayohesabu sekunde kwa njia hiyo tangu tarehe 1 Januari 1970 itafikia kikomo tarehe 19 Januari 2038.

Tahadhari. Sehemu ya 483,000 aghalabu husomwa *elfu mia nne themanini na tatu*. Ikisimama peke yake, kauli hiyo ina utata: msikilizaji aweza kuandika 483,000, na mwingine akaandika 400,083. Katika hundi au mkataba, tofauti hiyo ni shilingi 82,917. Neno *laki* (100,000) huondoa shaka:

- 483,000: laki nne, elfu themanini na tatu
- 400,083: laki nne, themanini na tatu

Mfasiri asilione *laki* kuwa neno la sokoni tu. Hapa ndilo linalohifadhi maana. Katika namba kama hii, kosa dogo hubadili kila kitu: ongeza 1 tu, nayo huwa 2,147,483,648, shufwa inayogawika kwa 2 mara 31.

Usichanganye. *Kigawo* hugawa namba bila baki. *Kigawe* hugawika kwa namba hiyo. 7 ni kigawo cha 21. 21 ni kigawe cha 7.

Tazama pia: kigawo, kipeo, kipeuo, laki, shufwa, tasa, witiri.