Mabibi wa Mount Vernon

Usiku mmoja wa mwaka 1853, Bi. Louisa Bird Cunningham wa South Carolina alikuwa safarini kwa meli ya mvuke katika Mto Potomac, Virginia. Meli ilipofika mbele ya Mount Vernon, kengele yake ikalia, ndiyo heshima aliyopewa George Washington aliyeishi na kuzikwa pale. Bibi akatoka nje kutazama. Mwangaza wa mwezi ulimwonyesha nyumba iliyochoka, rangi imebabuka na magugu yametawala uani. Akamwandikia bintiye barua: kama wanaume wameshindwa kuitunza nyumba ile, wanawake wajaribu.

Binti huyo, Ann Pamela Cunningham, alikuwa na miaka 37. Aliumia ujanani kwa kuanguka kutoka juu ya farasi, na tangu hapo siku zake nyingi zilipita kitandani. Lakini kalamu aliishika. Desemba mwaka huohuo aliwaomba wanawake wa Kusini, kupitia gazeti, wachangie kuinunua nyumba. Hakutia jina lake, maana bibi wa heshima zama zile hakutajwa magazetini hivihivi. Baadaye mlango ukafunguliwa kwa wanawake wa Kaskazini pia, na hapo ndipo chama alichokiunda, cha Mabibi wa Mount Vernon, kikapata nguvu. Sisi tunaojitolea leo tunamwita mama yetu, na haki yake.

Mwenye nyumba, John Augustine Washington III, alikuwa ameitaka serikali ya Marekani inunue, akaitaka na Virginia. Zote hazikununua. Hata mabibi aliwakatalia mwanzoni, kisha mwaka 1858 akakubali kuwauzia nyumba, kaburi na ekari 200 kwa dola 200,000. Fedha zilikusanywa kidogokidogo, kila jimbo likiwa na makamu wa Bi. Cunningham. Msemaji mashuhuri Edward Everett alizunguka nchi akihutubia juu ya Washington, akaleta zaidi ya dola 69,000. Tarehe 22 Februari 1860, siku ya kuzaliwa Washington, chama kikashika funguo.

Ndani kulikuwa kutupu. Vilivyosalia ni tufe la dunia, sanamu ya uso wa Washington iliyofinyangwa na Houdon, na ufunguo wa gereza la Bastille, zawadi ya Jenerali Lafayette wa Ufaransa. Baraza ya nguzo nane inayotazama mto ilikuwa imetegemezwa kwa milingoti ya meli isianguke. Kila ninaposimama kwenye baraza hiyo na wageni, milingoti ile ndiyo ninayoianzia.

Mwaka uliofuata vita vya wenyewe kwa wenyewe vikazuka. Bi. Cunningham alikwama kwao Kusini, na nyumba ikabaki mikononi mwa katibu wake, Sarah Tracy wa New York, pamoja na msimamizi Upton Herbert, mtu wa Virginia. Majeshi mawili yalikuwa yakiwindana jirani, lakini askari wa kila upande aliombwa aache silaha langoni kabla ya kuingia. Nyumba haikupigwa hata risasi. Katika miaka hiyohiyo, mzee West Ford, aliyezaliwa mtumwa na akawa mtunzaji wa mahali hapa kwa miaka mingi, aliugua. Mabibi wakamleta Mount Vernon wamuuguze, akafia hapo Julai 1863. Tracy na Herbert walioana mwaka 1872, jambo ambalo bado linatufurahisha.

Bi. Cunningham aling'atuka mwaka 1874, akafariki mwaka uliofuata. Harrison Howell Dodge akawa msimamizi kuanzia 1885 hadi 1937. Phoebe Hearst wa California alitoa fedha za kukausha kinamasi. Mwaka 1916 umeme ukaingia. Kisha mandhari ya ng'ambo ya mto ikalindwa isijengwe, kiwanda cha pombe cha Washington kikajengwa upya na kufunguliwa 2007, na maktaba ikafunguliwa 2013. Mwaka 2024 wanaakiolojia walikuta chupa 35 chini ya sakafu ya ghala lililo chini ya nyumba, nyingi zikiwa na matunda ya karne ya 18.

Kuhusu watumwa chama kilichukua muda kupata maneno. Washington alipofariki mwaka 1799, watu 317 waliishi utumwani hapa. Jiwe dogo liliwekwa makaburini kwao mwaka 1929, na mnara uliobuniwa na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Howard ukazinduliwa mwaka 1983. Kwangu mimi ndipo mahali penye uzito kuliko pote.

Nyumba iko wazi kila siku ya mwaka, Krismasi ikiwemo. Ukija, usiishie kwenye kaburi la Washington. Shika njia iendayo kusini-magharibi, hatua chache tu, ufike chini ya miti ambako makaburi hayana majina, usimame nao kidogo.