Kitazamio: Kioo Kipi, Ukungu Upi?

Muuzaji wa vitu vya mtumba akikuwekea mkononi kamera ya filamu ya zamani, Zenit ya Warusi au Yashica ya Wajapani, mara nyingi hueleza kasoro yake kwa maneno machache: "Ni nzima, ila kioo kina ukungu kidogo." Hakudanganyi. Lakini maneno hayo yana maana nyingi. Nyingine tiba yake ni pumzi ya pampu ndogo ya mpira, nyingine maana yake ni kwamba kamera imebaki kuwa ya vipuri tu. Mnunuzi na muuzaji wanaweza kupatana bei huku kila mmoja akiwa na kioo chake kichwani.

Kioo ni cha dirishani, kioo ni cha kujitazamia, kioo ni cha simu, na kioo ni cha lenzi. Fungua Zenit-E, kamera iliyotoka kiwanda cha Krasnogorsk karibu na Moscow kuanzia mwaka 1965 kwa mamilioni, uifuate safari ya mwanga. Unaingia kwenye lenzi, ambayo ikiwa ni Helios 44-2 ina vipande sita. Unagonga kioo cha kuakisi kilichoinama kwa nyuzi 45. Unapanda hadi kwenye kiwambo, yaani kioo kilichokwaruzwa makusudi, taswira ipate mahali pa kutua. Unazungushwa ndani ya prizimu ili kushoto kusionekane kulia, kisha unatokea kwenye lenzi ndogo iliyo karibu na jicho lako. Vyote hivyo ni vioo, na kila kimoja huugua kwa namna yake.

Istilahi ya makala hii ni kitazamio. Kitazamio ni sehemu ya kamera inayomwonyesha mpiga picha kitakachoingia kwenye picha na mipaka yake, na katika kamera nyingi humwonyesha pia kama fokasi imekaa sawa. Neno limejengwa kwa njia iliyozoeleka: kitenzi tazama kikapewa mnyambuliko wa kutendea, kikawekewa ki- mbele na -o nyuma, sawa na kishikio, kikanyagio na kichujio. Ni kifaa cha kutazamia, basi.

Yako majina mengine yanayoweza kupendekezwa, na baadhi yana mvuto. Kichungulio kingefaa sana kwa kamera ndogo yenye tundu la jicho moja, kwa sababu pale mtu anachungulia kweli. Lakini kuna kamera zenye lenzi mbili, moja juu ya nyingine, kama Yashica Mat-124G iliyotoka mwaka 1970 au Seagull ya Shanghai. Kamera hizo hushikwa tumboni, na mpiga picha huinama akatazama kiwambo kwa macho yote mawili. Hakuna kuchungulia hapo. Kilengeo nacho kina harufu ya bunduki, nami sipendi kumlenga bibi harusi. Kusanifisha istilahi ni kazi ya Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) tangu lilipoundwa mwaka 1967. Kazi ya sisi tunaoandika ni kulipeleka neno kwenye meza ya fundi tuone kama linabeba mzigo. Kitazamio kinabeba, kwa sababu kinakaa juu ya aina zote bila kulazimisha namna ya kushika kamera.

Tena kinatenganisha njia mbili za mwanga ambazo neno kioo linazichanganya: njia ya kwenda kwenye jicho na njia ya kwenda kwenye filamu. Katika Zenit, lenzi ya mbele iko kwenye njia zote mbili. Kioo cha kuakisi, kiwambo, prizimu na lenzi ya jicho viko kwenye njia ya jicho peke yake, kwa sababu unapofyatua, kioo hunyanyuka na mwanga hupita moja kwa moja hadi kwenye filamu. Kwa hiyo kitazamio kinaweza kujaa uchafu wa miaka 40 na picha ikatoka safi kabisa. Na kinaweza kung'aa huku lenzi imeliwa.

Kuzijua njia hizo hakuhitaji bisibisi. Zungusha pete ya fokasi ukitazama ndani. Doa lisilobadilika, lililo wazi wakati wote hata mandhari ikififia, liko kwenye kiwambo au jirani yake. Vua lenzi utazame tena: doa likiwa bado lipo, lenzi haina hatia. Kisha fungua mgongo wa kamera isiyo na filamu, weka shata kwenye B, bonyeza na kushikilia, uitazame lenzi kutoka nyuma ukiwa umeielekeza dirishani. Hicho ndicho filamu itakachokiona.

Sasa ukungu. Kwa Kiswahili ukungu ni ule unaofunika mabonde asubuhi, na ukungu ni ule unaoota juu ya mkate uliosahaulika kabatini. Huko Matembwe, upande wa Lupembe mkoani Njombe, maana zote mbili ziko karibu mno. Ni nchi ya juu, ya chai na baridi, mvua zake huanza karibu na Novemba zikaendelea hadi Mei, na maji yake ni mengi kiasi kwamba kijiji kina mtambo wake mdogo wa umeme wa maji uliojengwa miaka ya 1980. Kamera iliyolala humo kwenye mkoba wake wa ngozi kwa miaka kadhaa inaweza kuwa na aina tatu za ukungu, nami ningependa mafundi wazipe majina matatu.

La kwanza ni umande. Kamera ikitoka nje kwenye baridi ya Julai ikaingizwa jikoni ambako sufuria inachemka, mvuke hutua kwenye vioo vyake. Huo hauna ugonjwa. Iache ndani ya mfuko uliofungwa hadi ipate joto la chumba, nao hautatokea. Kuufuta kwa kitambaa ndiko kunakoleta mikwaruzo.

La pili ni ukungu wa mafuta. Grisi iliyopakwa kiwandani hukauka polepole, na kile kinachopaa kutoka ndani yake hutua kwenye vioo kama utando wa kijivu ulio sawa kila mahali. Mandhari huonekana imefifia, taa huzungukwa na mwanga usio wa kawaida. Huu hutoka kwa spiriti safi na pamba iliyozungushwa kwenye kibano, ilimradi kioo chenyewe kinafikika. Spiriti yenye rangi iache dukani, kwa sababu huacha alama.

La tatu ni kuvu, na huyu ni kiumbe hai. Utamjua kwa nyuzi nyembamba zinazotawanyika kama mizizi. Hupenda hewa yenye unyevu, giza na utulivu, na mkoba wa ngozi humpa vyote. Akikaa muda mrefu hutoa asidi inayokula utando mwembamba uliopakwa juu ya lenzi, ndiyo maana hata akifutwa huweza kuacha ramani yake pale pale. Kuvu kwenye lenzi ya jicho ni usumbufu tu: fungua, safisha, rudisha. Kuvu katikati ya vipande vya lenzi ya mbele ni habari nyingine, na bei lazima ishuke. Kuna pia kasoro inayofanana naye kwa mbali, gundi ya kuunganisha vipande viwili vya kioo inapobanduka ikaonyesha rangi za upinde wa mvua. Pamba haiwezi kitu hapo.

Ukifika Makambako, barabara kuu ya Zambia inapokutana na reli ya TAZARA, mambo hubadilika. Pale ni upepo na vumbi. Vumbi kwenye kiwambo humuudhi mtazamaji kuliko kasoro zote, kwa sababu taswira inatua hapo hapo na kila punje inaonekana imekuzwa. Nyingine si vumbi bali makombo ya sponji nyeusi iliyowekwa kupokea kishindo cha kioo kinaponyanyuka. Sponji hiyo huoza baada ya miongo michache, hunata, na hudondoka juu ya vioo. Katika Olympus OM-1, kamera ya miaka ya 1970, sponji iliyo juu ya prizimu imejulikana kwa kuila rangi ya fedha ya prizimu yenyewe, na mtazamaji huona mabaka meusi ambayo hakuna kusafisha kutakakoyaondoa. Dawa ni kutafuta prizimu nyingine kwenye kamera iliyokufa. Kiwambo usikifute. Katika kamera nyingi ni cha plastiki chenye duara nyembamba zilizochongwa, kazi inayotokana na lenzi za minara ya bahari za Mfaransa Augustin Fresnel wa miaka ya 1820, na kitambaa kimoja kikavu kinatosha kukiharibu. Pulizia kwa pampu ya mpira, ile ile ya mafundi saa, kamera ikiwa imeelekezwa chini.

Kioo cha kuakisi ndicho kinachohitaji maelezo marefu zaidi, maana hapo ndipo matengenezo mengi yaliyofanywa kwa nia njema huharibika. Katika kamera za lenzi mbili kioo hicho hakinyanyuki, kinakaa wazi nyuma ya lenzi ya juu, na baada ya miaka 50 huwa kimeingia weusi. Mtu hukipeleka kwa fundi vioo akatiwe kingine cha ukubwa ule ule. Kinakaa vizuri, kinang'aa, na picha zote zinatoka nje ya fokasi. Sababu ni hii: kioo cha nyumbani kimepakwa rangi ya fedha mgongoni, wakati kioo cha kamera kimepakwa usoni. Kwenye kile cha nyumbani mwanga hupenya kwanza unene wa kioo, hugonga fedha, hurudi tena kupitia unene ule ule. Njia imebadilika. Lenzi ya juu na ya chini zilizokubaliana kiwandani sasa hazikubaliani, na kile kinachoonekana wazi kwenye kiwambo si kile kinachoandikwa kwenye filamu. Juu ya hayo, uso wa mbele wa kioo nao huakisi asilimia chache za mwanga, na kila taa hupata kivuli chake pembeni.

Kuvitambua ni rahisi. Gusisha ncha ya kalamu ya plastiki kwenye pembe ya kioo. Ncha na taswira yake zikigusana, kimepakwa usoni. Kukiwa na nafasi katikati, ni cha nyumbani. Na vioo vya namna hii havihitaji kuagizwa Ulaya: vimo ndani ya mashine za fotokopi na skana zilizokufa, zile zinazorundikwa nyuma ya maduka ya stesheneri. Pima unene wa kile cha zamani kwanza, tafuta unaolingana nao, kisha kata ukiwa umekilaza na kuchora mstari upande usiopakwa. Uso uliopakwa usiguswe hata kwa kidole.

Tahadhari kama hiyo inahusu kamera zenye madirisha mawili mbele, kama Yashica Electro 35 ya mwaka 1966 au FED. Ndani ya kitazamio chake kuna kioo kinachopitisha sehemu ya mwanga na kurudisha sehemu, ndicho kinachochora doa dogo la katikati. Ukizungusha fokasi, taswira mbili ndani ya doa husogeleana hadi zikawa moja. Doa likififia, watu hukisugua kioo hicho kwa spiriti, na utando wake hutoka wote kwa mfuto mmoja. Safisha madirisha ya mbele na lenzi ya jicho kwanza, mara nyingi tatizo liko hapo. Taswira mbili zikikataa kukutana juu na chini, kuna skrubu za kuzirekebisha. Lenga nguzo ya umeme iliyo mbali ukizigeuza kidogo kidogo. Kwa kamera yenye flashi ya ndani, jihadhari kabla ya kufungua chochote, kwani kapasita yake hubaki na umeme wa mamia ya volti hata betri ikiwa imetolewa.

Si kila lawama kwa kitazamio ni ubovu. "Amenikata kichwa" ni malalamiko yaliyojaa kwenye albamu zetu. Katika kamera ambayo kitazamio kiko juu ya lenzi, kwa karibu lenzi huona chini kidogo kuliko jicho, na kichwa ndicho kinachopotea. Hiyo ni paralaksi, na dawa yake ni kuinua kamera kidogo au kufuata alama zilizochorwa ndani. Zenit-E hufanya kinyume: kitazamio chake huonyesha milimita 20 kwa 28 za picha yenye 24 kwa 36, kwa hiyo filamu hupata zaidi ya ulichokiona. Brownie ya kwanza ya Kodak, mwaka 1900, haikuwa na kitazamio kabisa, ilikuwa na mistari iliyochorwa juu ya boksi kuelekezea macho.

Kwa aliye Matembwe na amemaliza kusafisha, kuvu atarudi kamera ikirudishwa kwenye mkoba wa ngozi. Iweke kwenye kabati dogo linalofungika vizuri, mbali na moshi wa jikoni, pamoja na balbu ndogo ya waya, ile inayopata moto, iwake chini kabisa huku kamera ikiwa rafu ya juu. Balbu za LED hazifai kwa kazi hiyo kwa sababu joto lake ni dogo. Umeme ukikatika, vijifuko vya punje za silika vinavyokuja na viatu vipya husaidia kwa wiki kadhaa, kisha vikaushwe juu ya bati lenye joto la wastani na kurudishwa kabatini.