Kihamba Ndicho Shina la Ushirika Wetu

Na Katibu wa Chama

Chama Kikuu chetu kimetimiza miaka kumi. Katika kijitabu hiki msomaji atakuta hesabu za mauzo, taarifa za mikutano mikuu, na shukrani kwa viongozi waliotutangulia. Mambo hayo yastahili kuandikwa. Lakini kabla ya mizani palikuwa na kihamba, na kabla ya karani palikuwa na baba, mama na watoto walioamka alfajiri kwenda kazini. Kwa hiyo yafaa, katika furaha hii, tuikumbuke historia ya kazi ya nyumbani hapa kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ili tujue ushirika wetu umesimama juu ya nini, na ni nani ambaye hata leo jina lake halimo daftarini.

SHAMBA LA WAZEE

Vihamba vyetu viko katika ukanda wa mlima ulio kati ya meta 1,000 na 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, penye mvua ya kutosha na udongo wa volkano. Mzee wa kwanza alifyeka msitu, akaacha miti yenye faida, akapanda migomba, akaweka masale mpakani. Masale ni mmea mdogo, lakini heshima yake ni kubwa: ndio alama ya mpaka usiovukwa, na ndio unaoshikwa na mtu aendapo kuomba msamaha kwa jirani aliyemkosea.

Mgeni aingiapo kihambani hudhani ameingia msituni, kumbe kila kitu kimewekwa kwa akili. Juu kabisa husimama miti mirefu, kama mruka na mringaringa, itoayo kivuli, mbao na kuni. Chini yake ni migomba ya aina nyingi: mingine ya mtori, mingine ya kuiva, mingine ya mbege. Chini ya migomba ni mibuni, na chini ya mibuni ni magimbi, maharage na majani ya mifugo. Mvua kubwa ikinyesha, matone hupokewa na jani baada ya jani, na udongo haubebwi na maji ingawa ardhi ina mwinuko mkali. Ustadi huu umetambuliwa na dunia: mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliuingiza mfumo wa kihamba, kwa mfano wa Shimbwe Juu, katika orodha yake ya urithi wa kilimo duniani.

Ng'ombe wa kihambani hachungwi, hulishwa bandani. Zamani alilala ndani ya nyumba ile ile ya majani pamoja na wenye mji. Hula majani ya migomba na vigogo vyake vilivyokatwakatwa, pamoja na majani yanayoletwa kutoka tambarare. Naye hulipa deni lake kwa maziwa na samadi. Samadi huenda kwenye mgomba, mgomba humpa mbuni kivuli, na mabaki ya mgomba hurudi tena kwa ng'ombe. Ukiondoa kimoja katika hivyo, vingine vyote hudhoofika.

Mtu mwenye ng'ombe wengi kuliko nafasi yake aliwaweka kwa jirani. Jirani alipata maziwa na samadi, mwenyewe akabaki na haki ya ng'ombe na uzao wake. Hapakuwa na mkataba wa karatasi. Palikuwa na neno la mtu na mashahidi. Hapo twaona kwamba wazee wetu walijua kugawana faida na kutunza mali ya mwingine muda mrefu kabla sheria ya ushirika haijaandikwa.

MAJI YA MFEREJI

Shule kubwa ya ushirika ilikuwa mfereji. Maji yalichukuliwa juu katika mabonde ya mito, yakapitishwa kwenye kingo za milima kwa kuchimba na kupima kwa macho tu, mpaka yakafika vihambani na kwenye mashamba ya ulezi yaliyo chini. Mtu mmoja hakuweza kuchimba mfereji, wala ukoo mmoja haukuweza kuulinda bila kupatana na majirani. Kwa hiyo kila mfereji ulikuwa na mzee wake na baraza lake. Zamu za maji ziligawanywa. Maji ya usiku yalikusanywa katika bwawa dogo liitwalo nduwa, yapate kutumika asubuhi. Siku ya kuusafisha mfereji kila mwenye zamu alitakiwa kufika na jembe lake. Asiyefika alitozwa faini, au zamu yake ya maji ikasimamishwa.

Tukiutazama utaratibu huo twaona kiongozi aliyekubaliwa na wote, wajibu ulio sawa, faida igawanywayo kwa zamu, na adhabu kwa mvivu. Masharti ya chama chetu cha leo yafanana sana na hayo. Lakini lipo jambo moja lisilofaa kufichwa: akina mama, ambao ndio waliochota maji hayo kila siku kwa kupikia na kwa kunyweshea ng'ombe, hawakuwa na sauti katika baraza la mfereji.

KAZI ZA SIKU MOJA

Mama wa kihambani ndiye wa kwanza kuamka. Huwasha moto, hukamua, hutoa samadi bandani, ndipo awaandae watoto. Baadaye hushuka tambarare, ambako jamaa nyingi zina shamba la mahindi na maharage. Huko hulima au hupalilia, na jioni hupanda mlima na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Safari hiyo huwa ya kilometa nyingi, na kurudi ni kupanda tu. Siku ya soko huchukua ndizi, naye hurudi na chumvi, magadi na mafuta.

Baba hupanda na kupunguza migomba, hukata matawi ya mibuni, hujenga, hupasua kuni kubwa, na huenda mferejini na barazani. Watoto hutumwa kuni na maji kabla na baada ya shule. Bibi na babu nao hawakai bure: huchambua maharage, hulinda kahawa iliyoanikwa isinyeshewe, na huwafundisha wajukuu majina ya migomba.

Msimu wa kahawa ukifika, kazi zote hizo hubaki palepale na nyingine huongezeka. Matunda mekundu huchumwa moja moja kwa mkono, yale mabichi yakaachwa, na mti uleule hurudiwa tena na tena. Yakichumwa leo sharti yamenywe leo kwa mashine. Kisha huvundikwa, huoshwa mpaka utelezi uishe, huanikwa kwenye vichanja, na hugeuzwa kutwa. Zahitajika kilo 5 au zaidi za matunda ili kupata kilo 1 ya kahawa safi. Kila mwanachama apelekaye gunia kwenye mizani na akumbuke ni mikono mingapi iliyolijaza.

KAHAWA NA DAFTARI

Kahawa iliingia Kilimanjaro mwishoni mwa karne ya kumi na tisa kwa mikono ya wamisionari wa Kilema. Baada ya Vita Kuu ya kwanza, hasa mwanzoni mwa miaka ya 1920, wenyeji wengi walianza kuipanda, wakitiwa moyo na Charles Dundas aliyekuwa ofisa wa serikali Moshi. Walowezi walipinga. Walidai kwamba mwenyeji ataeneza magonjwa katika mashamba yao. Lakini pia walijua kuwa mtu mwenye kahawa yake hatakwenda kuwa kibarua wa mwingine. Ndipo mwaka 1925 wakulima walipounda chama chao, KNPA, chini ya Joseph Merinyo, ili kulinda haki ya kupanda kahawa, kupambana na wadudu na kuuza pamoja. Sheria ya vyama vya ushirika ilipitishwa mwaka 1932, na mwaka 1933 KNCU ikaandikishwa. Mwaka 1934 kituo cha utafiti wa kahawa kikaanzishwa Lyamungo.

Njia haikuwa nyororo. Mwaka 1937 palitokea ghasia kwa sababu ya bei ndogo na amri ya kuuza kahawa yote kwa Chama Kikuu. Funzo lake halijachakaa: mkulima asiyeelezwa hesabu hawezi kukiamini chama, hata kikiwa chake.

Hata hivyo kahawa ilijenga nyumba za bati na kulipa karo za shule. Mbuni haukumfukuza mgomba. Ulikaribishwa chini yake, ukalishwa samadi ileile. Lakini pamoja na kahawa likaja daftari, na daftari liliandika jina moja tu, la mwenye kihamba, ambaye karibu siku zote alikuwa baba. Ng'ombe hakuandikwa, mfereji haukuandikwa, wala mama aliyebeba majani hakuandikwa. Mali yote ya nyumba ikapita kwenye mizani kwa jina la mtu mmoja.

MIAKA YA MISUKOSUKO

Mwaka 1964 ugonjwa wa chulebuni uligunduliwa nchini, na gharama za dawa zikapanda. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa na serikali. Vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Mwaka 1989 mapatano ya dunia ya kugawana soko la kahawa yalisimama, bei ikaanguka vibaya. Kuanzia msimu wa 1994/95 wanunuzi binafsi waliruhusiwa kununua vijijini. Wakulima wengi waliitelekeza mibuni. Wengine waliing'oa wakapanda mahindi au mboga.

Katika miaka hiyo yote nyumba nyingi hazikulala na njaa. Zililindwa na ndizi, maziwa, maharage ya tambarare na kikapu cha mama sokoni, yaani vitu vile vile ambavyo daftari halikuviona.

Pamoja na hayo kihamba chenyewe kimepungua. Kwa desturi mwana wa mwisho hurithi mji wa baba, na wa kwanza hutafutiwa mahali pake. Nafasi zilipokwisha, kihamba kilianza kukatwa vipande. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1984 uliona kwamba wastani wa kihamba ulikuwa hekta 0.68, na tangu hapo wana wameendelea kugawana. Vijana wengi wameondoka kwenda mijini, na mibuni mingi yatunzwa na wazee na akina mama.

KAZI ILIYO MBELE YETU

Chama chetu chenye miaka kumi ni mtoto mbele ya historia hiyo. Lakini mtoto aweza kurekebisha mambo ambayo wazee hawakupata nafasi ya kuyatengeneza. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yasema wazi kwamba haki ya mwanamke ya kupata na kumiliki ardhi ni sawa na ya mwanamume. Basi haifai daftari la ushirika libaki nyuma ya sheria ya nchi.

Nawaomba wajumbe wa vyama vya msingi wayatafakari mambo matatu. Kwanza, mume na mke waandikwe wote wawili kuwa wanachama, na hati ya malipo ionyeshe majina yote mawili. Pili, kijana anayetunza mibuni ya wazazi wake apewe uanachama sasa, asingoje mpaka amzike baba ndipo aitwe mkulima. Tatu, mafunzo yetu yasiwe ya kahawa peke yake. Yaguse banda, samadi, mgomba na mfereji, maana miche mipya istahimiliyo chulebuni na kutu ya majani nayo yahitaji chakula na maji kama ile ya zamani.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Tumezoea kulitumia neno hilo kwa fedha na magunia. Lakini nguvu za watu nazo ni mali, na tumekuwa tukizitumia bila kuziandika. Tutakapokutana kusherehekea miaka ishirini, Mungu akitujalia, na tulifungue daftari la wanachama mbele ya mkutano, tusome majina, na kila aliyebeba majani, aliyechuma na aliyeanika asikie jina lake likitajwa.